Rivolva ya Nyumba ya Radunović

Mašan Perutović huanza siku kwa kukaa kitandani akingoja vidole vyake vikubali kukunjuka. Zagorka, mkewe, humkabidhi kikombe cha kahawa mkononi badala ya kukiweka mezani, ili joto lisaidie. Vidole vikishakubali, mzee hushuka ngazi hadi karakana iliyo chini ya nyumba, akawasha taa juu ya meza yenye jiliwa la kubania chuma, na huko hukaa hadi chakula cha mchana. Mimi naishi mlango wa pili. Ukuta wetu ni mmoja, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiamshwa na tupa yake ndogo ikikwaruza chuma.

Anakusanya rivolva. Bastola za kisasa hazitaki. Huziita pasi za umeme. Anazozitaka ni zile za mzunguko, zilizobebwa na polisi na askari kabla baba yake hajazaliwa: za Kiaustria nzito kama nyundo, za Kirusi zilizoachwa na majeshi yaliyopita, za polisi wa ufalme zenye pete chini ya mpini ya kufungia kamba zisiibiwe sokoni. Zaidi ya zote hupenda gaseri, ile kubwa ya huku kwetu, yenye mtutu mrefu na mpini wa pembe. Zamani za mfalme, mwanamume wa Montenegro asiye na gaseri kiunoni alihesabiwa kama aliyetoka nje bila suruali. Tazama picha za mababu zetu: wengine hawana viatu, lakini mpini umechomoza.

Cetinje ni mji wa mvua, na chuma huku ni kama mgonjwa wa kifua. Mvua ikishika wiki nzima, Mašan hupita ukutani akigusa kila mtutu kwa mgongo wa kidole, kama anayepima homa za watoto. Kisha kitambaa, kisha mafuta, kisha kurudi mwanzo. Amechoka na kazi hiyo na hafichi.

"Ukifa, haya machuma nimpe nani?" binti yake humwuliza akija kutoka Podgorica.

"Mpe yeyote mwenye mafuta."

"Hakuna mwenye mafuta, baba. Watu wana kazi."

"Basi yatakufa. Hata sisi tutakufa."

Alianza kukusanya kwa njia isiyo ya kawaida. Maisha yake ya kazi alikuwa fundi wa silaha wa polisi. Baada ya vita vya miaka ya tisini, raia walitakiwa kurudisha silaha bila kuulizwa maswali, na kazi ya Mašan ikawa kuzikata kwa moto wa gesi. Ziliingia kwa mikokoteni. Katikati ya zile za vita zilikuja za mababu, zimefungwa kwa nguo za watoto, zimeletwa na vikongwe ambao hawakujua kwamba sheria iliwaruhusu kutundika silaha ya kale ukutani. Yeye alikata. Ndipo akaanza kutoka nje ya lango wakati wa mapumziko, akijifanya anavuta sigara, na kuwanong'oneza waliokuwa kwenye foleni: "Mama, hiyo ina miaka mia. Rudi nayo nyumbani." Waliorudi walirudi. Wengine walimsukumia mikononi: "Chukua wewe, mwanangu, mimi sitaki kuiona tena." Za namna hiyo ndizo zilizo ukutani kwake leo, zote na vibali vyake. Hata hivyo, nimemsikia akisema kwamba usingizini huona zile alizozikata, wala haoni alizoziokoa.

Namna yake ya kufanya kazi inawaudhi wateja. Wanataka chuma king'ae. Yeye huondoa kutu kwa kipande cha shaba na mafuta, polepole, na akifika kwenye weusi wa zamani husimama hapo. Mtu mmoja kutoka Budva aliwahi kumwomba aipake rivolva yake nikeli mpya. Mašan alimtazama, akashika mvi zake mwenyewe. "Na mimi ukinipaka piko, nitakuwa bwana arusi?"

Mwaka jana, majira ya mvua za vuli, Krsto Radunović aliingia karakanani bila kubisha hodi. Krsto ni kum wake. Kwetu kum ndiye anayekusimamia ndoa na kumshika mwanao siku ya ubatizo, na uhusiano huo haukai kwa watu wawili tu, hukaa kwa nyumba mbili na kurithiwa. Babu yake Mašan alimbatiza baba yake Krsto. Mašan alimbatiza Vaso, mwana wa Krsto. Ndugu unaweza kugombana naye juu ya shamba mkapelekana mahakamani, na watu wakaona ni jambo la kawaida. Ukigombana na kum, hata mbwa wa mtaani watakutazama vibaya.

"Kum! Umekufa au bado?"

"Bado. Zagorka hajanipa ruhusa."

"Basi usife leo. Vaso amepata mtoto wa kiume!"

Walibusiana mara tatu. Krsto alikuwa analia waziwazi. Anđa, mke wa Vaso, alikuwa amezaa mabinti watano, na Krsto alishaanza kuwaambia watu kwamba nyumba yake itafungwa kwa kufuli. Alimimina pombe ya zabibu aliyokuja nayo katika vikombe viwili vya kahawa vilivyokuwa na mafuta ya mashine, akanywa chake bila kuangalia. Kisha akafungua furushi la sufu ya kondoo.

Ilikuwa gaseri ya babu yake. Mašan alikuwa ameiona mara nyingi ukutani kwa kina Radunović, lakini hakuwahi kupewa mkononi. Aliigeuza chini ya taa. Maandishi yote yalikuwa yamefutika. Katika nyumba ile, kila sikukuu ya mtakatifu wao, wanawake waliisugua kwa majivu pamoja na masufuria, kwa heshima, vizazi vitatu, hadi muhuri wa kiwanda na nambari vikaisha.

"Wameiosha kama sinia," Mašan alisema.

"Inang'aa au haing'ai?"

"Inang'aa, kum. Hilo ndilo linaloniuma."

"We acha kuumwa. Nataka uitengeneze, irudi kama saa. Siku ya ubatizo nitaifyatua uani, kama baba alivyonifyatulia mimi, kama mimi nilivyomfyatulia Vaso."

"Vaso ulimfyatulia kwa hii hii?"

"Hii hii! Ng'ambo ya bonde majirani zetu kina Božurić walizima redio wakatoka nje!" Krsto alizungusha gurudumu lenye matundu matano ya risasi, akalisimamisha, akaweka ukucha kando ya tundu moja. Palikuwa na msalaba mdogo uliochongwa kwa ncha ya msumari. "Unaona? Hili ndilo tundu la mwana. Nyumbani kwetu hupakiwa hili peke yake. Hayo mengine ni ya adui."

"Na baruti? Mnatia kiasi gani?"

"Unajaza ganda, unashindilia kwa kidole, unaongeza. Kichwa cha risasi hatuweki, sisi si wauaji. Ni mlio tu. Lakini mwana hapokelewi kwa kikohozi, kum!"

Alipoondoka, Mašan aliusogeza ule msalaba chini ya taa. Hakupenda aliyoyasikia.

Alifanya kazi yake kama kawaida. Aliifungua rivolva, akaliacha gurudumu ndani ya mafuta, akalitoa na kulipangusa hadi likauka, kisha akalipaka unga wa chaki ya shuleni na kuliweka karibu na jiko. Ni njia ya zamani. Chuma kizima hubaki cheupe. Chuma chenye ufa huwa kimemeza mafuta, na kikipata joto huyatapika, yakachora mstari juu ya chaki. Aliniita kupitia ukutani.

"Njoo unitazamie. Macho yangu siku hizi yananionea huruma, yanaficha mambo."

Nilienda. Matundu manne yalikuwa meupe. Kwenye la tano, kuanzia penye msalaba, palikuwa na mstari mweusi mwembamba kama unywele, ukishuka hadi nyuma.

"Upo?" aliuliza.

"Upo."

Aliketi juu ya ndoo. "Furaha tu imefanya hivi," alisema. "Kila mwana aliyezaliwa mle ndani, walilipiga tundu lilelile kwa baruti maradufu. Safari hii litapasuka. Litaondoka na vidole vyake, na pengine na macho ya aliyesimama karibu."

Zagorka alikuwa ameshuka na bakuli la uji mzito wa mahindi na jibini. Alisikiliza hadi mwisho, akaweka bakuli juu ya meza ya kazi.

"Si uikate ile ncha ya kinyundo inayogonga risasi? Atafyatua, itasema 'ka', watu watacheka, basi."

"Mbele ya nyumba nzima, rivolva ya babu yake iseme 'ka'?"

"Afadhali aibu kuliko kidole."

"Zago, hiyo haitakuwa aibu yake. Itakuwa mimi nimemdanganya kum wangu kwa mkono wangu mwenyewe. Na akigundua, nimweleze nini?"

"Mweleze ukweli sasa hivi basi, kabla chakula hakijapoa."

Mašan alimpigia Krsto simu. Krsto alikuja kesho yake na tabasamu lililokuwa limeshaanza kupungua njiani, maana kum haitwi kwa simu bure. Mašan alimwonyesha mstari. Alimweleza taratibu, akimpa lenzi mkononi. Krsto aliikataa lenzi.

"Huo ni mkwaruzo."

"Ni ufa, kum."

"Miaka yote hiyo imefyatua, leo amezaliwa mjukuu wangu ndiyo unaona ufa?"

"Leo ndiyo umeniletea."

"Basi ziba. Si wewe ni fundi?"

"Huu hauzibiki. Ukichomelea, chuma cha umri huu kinakuwa kama biskuti. Pakia tundu lingine, kipimo kidogo, nitakupimia mwenyewe. Au ifyatue ya kwangu moja, chagua yoyote ukutani."

Krsto alitazama ukutani kama mtu aliyeonyeshwa nguo za mitumba. "Mwana wa Radunović apokelewe kwa bastola ya polisi? Iliyokuwa ikimpiga nani? Sisi?" Akaanza kuifunga rivolva kwenye sufu, vipande kwa vipande, gurudumu likiwa bado na chaki. "Kum si kifungo cha shati, Mašan, ubadilishe kikikatika. Lakini kum naye hakatai. Baba yangu angekuja kwa babu yako akamwambia nifyatulie mzinga, angeuliza upande gani."

"Krsto."

"Nitaiunganisha mwenyewe. Nimeiona ikiunganishwa mara nyingi kuliko wewe."

Akaondoka. Mašan hakumfuata. Alichukua tupa, akaiweka chini, akachukua kitambaa, nacho akakiweka chini.

Desturi ni kwamba kum wa ubatizo haarifiwi kwa maneno matupu. Mtu wa nyumba huja na chupa, huiweka mezani, hutamka mwaliko. Siku zilipita na chupa haikuja. Mjini watu walianza kuuliza kwa upole ule unaochoma: Hivi mtoto wa Vaso atabatizwa lini? Kwani kum hajaambiwa? Zagorka aliacha kwenda dukani asubuhi, akawa anakwenda jioni wakati wa mvua. Mašan aliendelea kupangusa mitutu yake, lakini kupitia ukutani nilisikia kwamba hakuwa akipiga tupa tena. Aliniambia mara moja tu, tukiwa tumesimama chini ya bati langu, kwamba angeweza kusema aliona vibaya. Macho ya mzee, nani angemlaumu? Kina Radunović wangerudi, chupa ingekuja. "Halafu ningeshika mtoto kanisani nikingoja mlipuko," alisema.

Mwishowe alikuja Vaso, baba wa mtoto, chupa chini ya koti.

"Baba anasema uje Jumapili."

"Amesema nini kingine?"

"Kingine hakisemeki mbele ya mama Zagorka." Vaso alijaribu kucheka. "Ameipakia, mzee. Ameiweka juu ya kabati, haruhusu mtu aiguse. Nimemwambia, hasikii. Wewe ndiye kum, labda—"

"Labda," Mašan alisema, akaipokea chupa kwa mikono miwili kama inavyotakiwa.

Jumapili nilikwenda na Mašan na Zagorka, mimi ndiye niliyeendesha gari. Kanisani mambo yalikwenda sawa. Mašan alimshika mtoto muda wote wa sala bila kubadilisha mkono, na nilijua jinsi vidole vile vilivyokuwa vikimuuma. Krsto alisimama upande wa pili, akimjibu padri kwa sauti na hakumtazama kum wake hata mara moja. Nje ya mlango alimwambia, "Asante, Mašan," kama anavyomwambia mtu wa posta.

Nyumba yao iko juu, kwenye kijiji cha mawe, na ua wao unatazama bonde. Mwana-kondoo alikuwa juu ya makaa. Meza zilikuwa zimejaa nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, jibini na maandazi ya asali, lakini hakuna aliyegusa, kwa sababu katika nyumba ile, siku ya mwana, watu huketi baada ya mlio. Mašan alimrudisha mtoto kwa Anđa, aliyekuwa amesimama mlangoni na mabinti wake.

Krsto alitoka ndani na mshipi mwekundu wa baba yake kiunoni, gaseri imechomekwa. Watu walipiga makofi.

"Haya, tuone!" alipaza sauti Puniša, shemeji yake, ambaye alikuwa ameshakunywa. "Tuone kama fundi wa Cetinje ameilainisha au ameilegeza!"

"Fundi hana habari nayo," Krsto alisema. "Fundi anaiogopa."

Wakacheka, si wote. Krsto alichomoa rivolva, akageuza gurudumu mpaka msalaba ukakaa mahali pake, akainua mkono juu ya kichwa.

Mašan alivuka ua. Hakukimbia, sidhani kama angeweza. Alifika, akainua mkono wake wa kulia na kulifunika gurudumu, kiganja kikiwa juu ya lile tundu, vidole vikazunguka vidole vya Krsto.

"Ondoa mkono."

"Sikuzuii. Fyatua."

"Umelewa?"

"Sijaonja hata tone. Umesema kum hakatai. Sijakataa. Fyatua, ila mkono wangu utakuwa hapa. Likipasuka, sote wawili tutajifunza kushika kijiko kwa kushoto."

Mtu mmoja alicheka, akanyamaza peke yake. Wale wazee wawili walikuwa wamesimama mikono juu kama wanaoning'inia kwenye tawi moja.

"Unaniaibisha nyumbani kwangu," Krsto alisema kwa sauti ya chini.

"Najua."

"Mbele ya watu wote hawa."

"Najua, kum. Mkono unaniuma. Fyatua au ushushe, lakini amua."

Hapo Anđa alizungumza kutoka mlangoni. Hakupaza sauti.

"Baba, mabinti zangu watano waliingia nyumba hii bila mlio wowote. Kila mmoja nilimleta kimya, mkala, mkaenda kulala. Wamekua, hawa hapa. Na huyu naye atakua. Mwacheni, ndiyo kwanza amelala."

Mafuta ya kondoo yalidondoka kwenye makaa yakatoa moshi. Puniša alifungua mdomo: "Krsto, usikubali mwanamke—"

"We nyamaza, mnywa vya watu," Krsto alimkata.

Mikono ilishuka. Ilishuka polepole, yote miwili pamoja, kwa sababu Mašan hakuachia mpaka mtutu ulipotazama ardhi. Krsto alionekana mfupi ghafla ndani ya ule mshipi mwekundu. Alimsukumia rivolva kifuani.

"Toa baruti."

Mašan alijaribu. Vidole vilikuwa vimeganda kwa kule kushika. Alisukuma kijiti cha kutolea ganda kikateleza, akasukuma tena, kikateleza. Watu wote walimtazama na hakuna aliyejua afanye nini. Kisha Krsto alishika mtutu, akaukaza dhidi ya tumbo lake, na Mašan akasukuma kwa kiganja badala ya kidole. Ganda likatoka. Alilipindua juu ya matope. Baruti ilimwagika, ikaendelea kumwagika, ikafuatiwa na tambara lililoshindiliwa, na chini ya tambara baruti nyingine.

Mašan alitazama lile rundo jeusi. "Hii si ya mwana, kum. Hii ni ya kubomoa daraja."

"Niliipakia siku ile ile niliyotoka kwako," Krsto alisema. "Nilikuwa na hasira."

"Nimeona."

Krsto aliikanyaga baruti kwa kiatu chake cha kanisani, akaisaga ndani ya matope mpaka haikuonekana. Rivolva alimpa Anđa, naye akaichukua kwa mkono uliokuwa huru na kuingia nayo ndani. Vaso akashika kisu akaenda kwa kondoo. Watu wakaanza kukohoa na kuvuta viti kwa kelele nyingi kuliko ilivyohitajika.

Mašan alikuwa bado amesimama palepale, mkono wake wa kulia ameukumbatia kwa wa kushoto. Krsto alilivuta benchi kwa mguu hadi nyuma ya magoti yake.

"Kaa, kum. Umesimama tangu kanisani."

Mzee akakaa.